Kusikiliza anga za mbali: uzoefu wangu na sauti za Chandra

Kama una hedifoni nzuri na muda kidogo wa utulivu, sauti za anga zinazotolewa bure mtandaoni na timu ya Chandra ya NASA usizipite. Chandra ni darubini iliyorushwa mwaka 1999, na kazi yake ni kunasa eksirei, miale ambayo jicho haliioni kabisa. Tangu 2020 Kimberly Arcand wa Chandra amekuwa akishirikiana na Matt Russo na Andrew Santaguida wa mradi wa SYSTEM Sounds kuzigeuza data za darubini kuwa sauti. Nimesikiliza nyingi, na baadhi sichoki kuzirudia.

Ninayoirudia zaidi ni ya kitovu cha galaksi yetu. Picha yake inachukua eneo la miaka ya nuru 400 hivi, na mstari unaipita polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Kilicho juu kwenye picha kinalia kwa sauti nyembamba, cha chini kwa sauti nene, na kadiri kitu kinavyong'aa ndivyo kinavyolia kwa nguvu. Nyota zinadondoka noti moja moja, huku mawingu ya gesi na vumbi yakivuma mfululizo kwa nyuma. Mstari ukifika sehemu angavu ya chini, upande wa kulia, sauti zote zinajaa na kupanda kwa pamoja. Hapo ndipo lilipo Sagittarius A*, shimo jeusi lenye uzito wa jua letu mara milioni nne.

Picha hiyo imetokana na data za darubini tatu, Chandra, Hubble na Spitzer; unaweza kusikiliza kila moja peke yake, halafu zote tatu. Nashauri uanze na moja moja. Ukishaizoea kila sauti, siku ukiziweka pamoja unajua nani ameingia na nani amenyamaza. Kisha fumba macho. Nikitazama picha ile, macho yanakimbilia penye mwanga mkali na upande wa kushoto nauruka. Nikisikiliza, siwezi kuruka. Kila nyota inasubiriwa zamu yake.

Ndiyo maana sikubali kuambiwa haya ni mapambo tu. Christine Malec, ambaye haoni, ni mshauri wa mradi huu. Na kabla yake Wanda Díaz-Merced, mwanaastronomia wa Puerto Rico aliyepoteza uwezo wa kuona, alikuwa tayari akizichambua data za anga kwa kuzisikiliza. Kwa watu kama wao sauti ndiyo mlango wenyewe wa kuingilia.

Sasa lile swali la kila mtu: angani si hakuna hewa, sauti inatoka wapi? Jibu linategemea unasikiliza nini. Ya kitovu cha galaksi ni mwanga uliopewa sauti kwa kanuni maalumu. Hakuna maikrofoni iliyopelekwa kule. Ya Perseus ni habari nyingine kabisa. Kundi lile la galaksi limejaa gesi ya moto, na shimo jeusi lililo katikati yake linaisukuma gesi hiyo mpaka inatoa mawimbi ya mgandamizo, ambayo ni mawimbi ya sauti kweli. Chandra iliyaonyesha mwaka 2003. Tatizo ni kwamba yako chini mno, oktava 57 chini ya do ya katikati ya piano. Ili tuyasikie, mwaka 2022 yalipandishwa oktava 57 na 58. Kila oktava ni kuongeza kasi ya mtetemo maradufu, kwa hiyo kile kiwango cha kwanza peke yake ni mara milioni bilioni 144.

Hapa nina kinyongo na wanaokisambaza kipande hiki kwa maneno "sauti halisi ya shimo jeusi" bila maelezo yoyote. Msikilizaji akija kugundua kwamba sauti imepandishwa, anadhani amedanganywa, na hataki tena kusikia lolote. Wangemwambia tu ilivyo! Gesi inayotikisika umbali wa miaka ya nuru milioni 240 inahitaji chumvi gani?

Si zote zilizonigusa sawa. Ile ya Nebula ya Kaa, wingu la mabaki ya nyota iliyolipuka, ina ala za shaba, za nyuzi na za kupuliza kwa pamoja. Inapendeza kama muziki, ila kwangu ilikuwa vigumu kufuata kipi ni kipi.

Ukitaka sauti iliyonaswa na maikrofoni, toka kwa Chandra uende kwa Perseverance, gari la NASA lililotua Mirihi Februari 2021. Upepo upo, magurudumu yakisaga mawe yapo, na hata helikopta Ingenuity ikiruka. Hewa ya kule ni kabonidioksidi nyepesi mno, inameza sauti nyembamba, hivyo kila kitu kinasikika kwa mbali na kwa uzito. Sauti yenyewe inasafiri mita 240 hivi kwa sekunde, wakati hapa duniani ni kama 340.

Spika ya simu haifai kwa lolote kati ya haya. Mngurumo wa Perseus ni besi, unapotea wote, na upepo wa Mirihi unageuka mikwaruzo.