Okidi hujizuiaje kujirutubisha: kwa muda au kwa kemikali?

Kwenye okidi nyingi, chavua na stigma (sehemu ya ua inayopokea chavua) vimo ndani ya nguzo moja katikati ya ua, vimekaribiana mno. Kujirutubisha kungekuwa jambo rahisi kweli.

Orchis mascula, okidi ya Ulaya, hutegemea muda. Nyuki akiingiza kichwa kutafuta nekta (ambayo hata haimo, masikini), vifurushi viwili vya chavua humganda usoni, vimesimama wima kama pembe. Vikiwa hivyo, hata akirudi ua lilelile haviigusi stigma. Kisha, baada ya nusu dakika hivi, vikonyo vya vifurushi hivyo huinama mbele na kuelekea hasa pale stigma ilipo. Kufikia hapo nyuki keshahamia mmea mwingine. Charles Darwin alieleza haya mwaka 1862, na ncha ya penseli inatosha kukuonyesha: ichomeke ndani ya ua, itoe, tazama.

Ila nyuki akizubaa kwenye mmea uleule, ujanja huu umekwisha.

Okidi nyingi za jenasi Dendrobium hutegemea kemikali, hazijali nyuki kachelewa au la. Chavua ikishatua, ua huitambua kikemikali. Ikiwa ya mmea wenyewe, hata kama imetoka ua jirani, urutubishaji hukwama. Mara nyingi ua hunyauka na kudondoka bila tunda.

Kwa uhakika, naipa Dendrobium ushindi, ingawa gharama yake ni kubwa: ua limepotea na chavua imepotea. Mkulima mwenye miche iliyogawanywa kutoka shina moja anaweza kuichavusha msimu mzima asipate mbegu. Atafute mmea wa ukoo mwingine.