Shiti ya stempu za televisheni ya zamani niliyomnunulia bibi ninayemtunza

Kazi yangu huku Marekani ni kutunza wazee. Bibi mmoja ninayemhudumia siku hizi hutamka neno moja moja tu, na mwanawe aliniambia kwamba enzi zake hakuna jioni iliyompita bila televisheni. Ndipo nikatafuta Early TV Memories, shiti ya stempu iliyotolewa na Posta ya Marekani tarehe 11 Agosti 2009.

Zimo stempu 20, kila moja na kipindi chake: Lassie, The Lone Ranger, Perry Mason, The Twilight Zone, na hata Howdy Doody, kile kikaragosi cha watoto. Thamani iliyochapwa ni senti 44 kila moja, yaani dola 8.80 kwa shiti nzima. Mimi nililipa dola 14. Muuzaji wa kwanza aliitia kwenye bahasha nyembamba ikafika imekunjika katikati, nikairudisha. Wa pili aliikinga kwa kadibodi pande zote mbili, ikafika safi kabisa.

Niliiweka mezani baada ya chai. Bibi alipitisha kidole taratibu, stempu baada ya stempu, nami nikimshikia kioo cha kukuzia kwa sababu picha ni ndogo mno kwa macho ya umri wake. Alipofika kwa I Love Lucy, kile kipindi cha vichekesho, akasimama. Akajaza mashavu, akaanza kujitia mdomoni vitu visivyokuwepo, haraka haraka, huku akicheka hadi machozi. Mimi sikuelewa. Mwanawe ndiye aliyenieleza: ni ile sehemu ya 1952, Lucy na rafiki yake Ethel wako kiwanda cha chokoleti, mkanda wa mashine unaowaletea chokoleti unawazidi kasi, wanazificha popote, hata mdomoni. Miaka zaidi ya 70, na bado anayo yote mikononi!

Kwa mkusanyaji: gundi yake ni ya kubandua na kubandika, na ukishaibandika kwenye bahasha usitegemee kuitoa kwa kuloweka majini kama stempu za zamani. Kwa mwenye kutuma barua: moja haitoshi tena nauli ya barua ya kawaida, bandika mbili.

Kwangu ni nyota tano. Shiti hii haibanduliwi, inakaa pembeni mwa kitanda chake. Nimeagiza nyingine, na Lucy na Lassie wa humo watapeleka barua kwa dada yake.