Behance, ArtStation, Cara na Pinterest: wapi utampata mchoraji mwenyewe?

Haya ni majukwaa manne ya mtandaoni ya kutazama michoro. Jibu la haraka kwanza. Kama unavutiwa na michoro ya mtindo wa michezo ya kompyuta na filamu, yenye mwanga, ukungu na nyuso zilizopakwa rangi kwa uvumilivu, anzia ArtStation. Kama unapenda vielelezo vya magazeti, mabango na majalada ya vitabu, anzia Behance. Cara inashika nafasi ya tatu. Pinterest ni mlango wa kuingilia tu, na kila unachokiokota huko kithibitishe kwingine.

Kipimo kilichotumika hapa ni kimoja: je, ukiona mchoro uliokugusa, jukwaa linakupa jina la mchoraji, zana zake, na kazi zake nyingine za kutosha ili uuelewe mtindo wake?

ArtStation ilianza 2014 na ikanunuliwa na Epic Games 2021. Sehemu yake yenye faida kubwa ni ile ambayo wengi huipita: msanii anaweza kuorodhesha programu alizotumia kwenye kila kazi. Utakuta Photoshop, Procreate, Clip Studio Paint, na mara nyingi Blender. Ukiiona Blender kwenye mchoro wa mji wenye majengo mengi, kuna uwezekano mkubwa kwamba pembe ya kutazamia na mwanga vilipangwa kwanza kwa modeli ya 3D, kisha rangi ikapakwa juu yake. Anayeanza asipolijua hilo hujaribu kuchora kila dirisha kwa mkono, anachoka, na kuhitimisha kuwa hana kipaji.

Kasoro yake ni ukurasa wa mbele. Kazi zinazovuma hupata macho mengi, zikazidi kuvuma, na baada ya muda zote zinafanana: shujaa mwenye silaha, mwanga wa chungwa upande huu, wa buluu upande ule. Usikae hapo. Nenda kwenye kazi mpya, au tafuta kwa kuchuja programu na mada. Ukimpata mmoja anayekugusa, fungua orodha ya watu anaowafuata yeye. Wachoraji hufuata wachoraji, na orodha hiyo huwa na macho makali kuliko algorithimu yoyote. Njia hiyo hufanya kazi pia kwenye Behance.

Behance, iliyo chini ya Adobe tangu 2012, ina muundo tofauti. Kazi huwekwa kama mradi mrefu wa kuteremka: rasimu za penseli, mawazo yaliyokataliwa na mteja, rangi zilizochaguliwa, hadi mchoro wa mwisho ukiwa kwenye jalada. Kwa anayejifunza, rasimu zilizokataliwa zina thamani kuliko jalada lenyewe, kwa sababu zinaonyesha mchoraji alikuwa anachagua kati ya nini na nini. Unaweza pia kuchuja kwa rangi na kwa zana. Jihadhari na jambo moja: mwenye ukurasa si lazima awe aliyechora. Miradi mingi imewekwa na wabunifu wa chapa au mawakala walioajiri mchoraji. Soma majina ya walioshiriki na maandishi ya mwisho kabisa, vinginevyo utamfuata mtu wa mpangilio wa herufi ukidhani umempata mchoraji.

Cara ilianzishwa na mpigapicha Jingna Zhang, na katikati ya 2024 ilijaa kwa kasi wasanii walipoanza kuhofia kazi zao kutumiwa kufundishia akili mnemba. Haikubali picha zilizozalishwa na akili mnemba, jambo linalokupunguzia kazi ya kukagua vidole na hereni kila mara, sehemu ambazo akili mnemba hukosea. Huweka pia lebo ya kukataza kazi zisichukuliwe kwa mafunzo hayo, ingawa lebo hiyo ni ombi tu na haimzuii kimwili anayetaka kuiba. Upungufu wake ni umri. Kuona mtindo wa mtu ulivyokua kwa miaka 10, bado utahitaji tovuti yake binafsi.

Pinterest ni hodari wa kukuletea vitu vinavyofanana, na dhaifu wa kukuambia ni vya nani. Picha hupinwa (huhifadhiwa na mtumiaji kwenye ubao wake) na kupinwa tena hadi kiungo kinaelekea kwenye ukurasa uliokufa. Kutafuta chanzo, kata kwanza fremu na maandishi yaliyoongezwa na watu, kisha ipitishe kwenye Google Lens, zana ya kutafuta kwa kutumia picha. Ikishindikana, tumia TinEye, tovuti ya kazi hiyohiyo, na upange matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Kwa mtindo wa anime (katuni za Kijapani), tovuti ya SauceNAO hufaulu pale wengine wanapokwama. Angalia pia sahihi kwenye pembe za chini, na kando ya nywele au mavazi, maana wengine huificha huko ili isikatwe.

Instagram haijapewa nafasi hapa kwa sababu moja ya kiufundi: picha zake kwa kawaida hupunguzwa hadi upana wa pikseli 1080 na kubanwa. Muundo wa brashi hupotea, na ndio uliokuja kuutazama.

Ukishampata mchoraji, kusanya kazi zake 9 hadi 12 za miaka tofauti. Kazi moja haitoshi. Huwezi kujua kipi ni mtindo na kipi ni matakwa ya mteja. Zipunguze hadi ukubwa wa stempu: kama bado unatambua kinachoendelea, nguvu yake iko kwenye umbo. Zigeuze ziwe za kijivu: kama mchoro umekuwa tope, alikuwa anategemea tofauti ya rangi, wala si ya mwanga na giza. Kisha chukua rangi kwenye sehemu 5 kwa zana ya kuchagua rangi ya programu yako, ukiiweka isome wastani wa pikseli 5 kwa 5. Ukisoma pikseli moja, mbano wa JPEG utakudanganya. Tarajia mshangao hapa: kivuli cha ngozi kinachoonekana cha buluu mara nyingi ni kijivu tupu kilichozungukwa na rangi za joto, kama nyekundu na chungwa.

Mjaribu Malika Favre kwa kipimo cha stempu na utaona kwa nini anapendwa. Rangi zake ni chache na bapa, mistari ya pembeni karibu haipo, na nafasi tupu ndiyo inayochora. Jalada lake la The New Yorker la Aprili 2017, la madaktari wanawake wa upasuaji wakimtazama mgonjwa kutoka juu, linasomeka hata likiwa dogo sana. Simon Stålenhag wa Uswidi anahitaji kipimo cha kijivu: mashine zake kubwa huaminika kwa sababu tofauti ya mwanga na giza hufifia kadiri kitu kinavyokuwa mbali, kama hewani kweli. Kwa Lois van Baarle, anayejulikana kama Loish, fuatilia mistari. Huinama na kutiririka kutoka nywele hadi bega, na mara nyingi ina rangi ya joto badala ya nyeusi.

Victo Ngai ni somo la pekee. Mistari yake huichora kwa wino kwenye karatasi, na rangi ndiyo inayoingia kwenye kompyuta. Kununua kifurushi cha brashi za kompyuta ili kupata mkono wake ni kupoteza fedha. Hata kwa wanaochora moja kwa moja kwenye skrini, brashi huchangia kidogo kuliko wauzaji wanavyodai. Brashi ya duara yenye kingo ngumu inatosha kunakili karibu kila ulichokipima hapo juu.

Unapohifadhi, mpe kila mchoraji ubao wake na uandike jina, mwaka na kiungo cha ukurasa wake papo hapo. Ubao mmoja uliochanganya watu 40 utakurudisha kwenye tatizo la Pinterest. Kuperuzi kote huku hakuhitaji malipo; akaunti ya kulipia ya ArtStation ni ya anayeonyesha kazi zake, mtazamaji haihitaji.