Mashine ya Mkono ya Kukatia Marumaru: Tathmini Baada ya Vyumba Vitatu

Mashine ninayoitathmini hapa haina mota wala waya wa umeme, na ukiikuta imelazwa kwenye rafu ya duka la vifaa vya ujenzi unaweza kuipita ukidhani ni kipuri cha mashine nyingine. Ni kitako cha chuma chenye reli mbili juu yake, mpini unaoteleza juu ya reli hizo, na chini ya mpini gurudumu dogo, pana kama kifungo cha koti, lililotengenezwa kwa kabaidi ya tungsteni, madini magumu sana. Tuliinunua yenye uwezo wa kukata urefu wa sentimita 80 mwanzoni mwa likizo ya Juni, baada ya mume wangu kukata shauri kwamba sakafu ya niru ya sebule yetu hapa Tabata, Dar es Salaam, iliyokuwa imepasuka kuanzia mlangoni hadi chini ya kabati la vyombo, itawekwa marumaru kwa mikono yetu wenyewe. Tangu hapo imekata marumaru za sebule, za jiko na za bafu, na ninaandika nikiwa nimeishika mwenyewe, si kwa kumtazama fundi. Chapa yake siitaji, kwa kuwa mashine za namna hii huuzwa kwa majina mengi huku umbo likiwa lilelile, na nitakayoyasema yanaihusu karibu kila moja ya bei ya kati.

Kwanza ieleweke kwamba mashine hii, licha ya jina lake, huchora na kuvunja. Marumaru hulazwa uso juu na kuegemezwa kwenye kizuizi cha mbele, kisha gurudumu hupitishwa mara moja tu, kwa mkandamizo ulio sawa toka ukingo mmoja hadi wa pili, likaacha mstari mwembamba kwenye kioo cha juu, yaani ule uso mgumu wa marumaru. Halafu mguu wa kuvunjia, wenye vibawa viwili vya chuma, hushushwa karibu na ukingo, mpini ukakandamizwa, na marumaru ikagawanyika kwa kuufuata mstari, kwa sababu ufa huanzia pale palipokwisha kudhoofishwa. Sikio ndilo linalofundisha kazi hii kuliko jicho. Gurudumu likipita vizuri hutoa mlio mmoja usiokatika, kama kitambaa kipya kinachochanwa; mlio ukikatika katikati, ujue hapo gurudumu halikugusa, na hapo ndipo kipande kitakapopinda kikivunjika. Kishawishi cha kila anayeanza ni kurudia mstari mara ya pili na ya tatu ili "ukolee", na kurudia huko ndiko kunakomomonyoa kioo na kuuacha ukingo ukiwa na meno.

Kijana wetu Baraka, aliye kidato cha tatu, alivunja marumaru mbili za mwanzo kwa kurudia mstari. Ya tatu niliivunja mimi, kwa kukandamiza mpini kwa uzito wa mwili mzima ilhali nguvu ya kiganja inatosha. Mdogo wake mume wangu, ambaye ni fundi na alikuwa amekuja kutusalimia tu, aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akatazama vile vipande vitatu, kisha akasema kwa upole, "Shemeji, hicho kitawamalizia boksi zima." Hakukosea sana. Ilibidi tuombe mabaki ya marumaru kwa jirani aliyekuwa amemaliza ujenzi, tukakaa barazani alasiri nzima tukikata vipande visivyo na kazi, na kufikia magharibi Baraka alikuwa anakata vipande kumi mfululizo bila kuharibu hata kimoja. Alasiri moja ya mazoezi ni sehemu ya gharama ya mashine hii, ingawa duka haliiandiki kwenye risiti.

Hapa nieleze habari ya hesabu, kwa sababu nadhani ndiyo inayowaumiza wengi kuliko mashine yenyewe. Sebule yetu ina mita 4.5 kwa 3.9, yaani mita za mraba 17.55. Boksi moja la marumaru za sentimita 60 kwa 60 lilikuwa na marumaru nne, sawa na mita za mraba 1.44. Muuzaji alipiga hesabu kama ipigwavyo kila mahali: akaongeza asilimia 10 kwa ajili ya zitakazovunjika, ikaja mita 19.3, akatuandikia boksi 14. Kwenye karatasi hesabu ile haina kasoro. Lakini sakafu hupangwa kwa safu, wala haijali mita za mraba. Tulipopiga mistari ya chaki kuanzia katikati ya chumba tuliona kwamba tukiweka marumaru saba nzima kwenye urefu, kila upande utabaki, ukitoa nafasi za kati ya marumaru, ukanda usiofika sentimita 14, na ukanda mwembamba kama huo pembeni mwa ukuta huonekana hata kwa mgeni aliyekuja kunywa chai. Tukapunguza moja, tukaweka sita nzima katikati na kipande cha takriban sentimita 44 kila upande. Kwa upana tukafanya vivyo hivyo, tano nzima na vipande viwili. Hizo ni safu nane kwa saba, ambazo ni marumaru 56, na boksi 14 zina marumaru 56 kamili. Ile asilimia 10 ilikuwa imemezwa yote na mpangilio kabla hatujavunja chochote, na sisi tulikwisha kuvunja tatu.

Boksi la nyongeza lililoletwa wiki iliyofuata lilikuwa na namba tofauti ya toleo, ile inayochapwa ubavuni mwa boksi, na weupe wake ulikuwa umeelekea kidogo kwenye kijivu. Marumaru hizo tatu sasa ziko chini ya kabati la vyombo. Anayenunua leo achore kwanza chumba chake kwenye karatasi ya miraba, ahesabu marumaru moja moja pamoja na zile zitakazokatwa, kisha aongeze boksi moja la toleo lilelile na kulihifadhi uvunguni.

Mabaki ya vipande vya pembeni hayakupotea. Kila marumaru iliyokatwa ilituachia kipande cha sentimita 16 hivi, na mashine ilikigawa mara mbili bila tabu, tukapata vipande vya kuzungushia chini ya ukuta, ambavyo mafundi huviita skating. Kazi hii ya kukata vipande vingi vinavyofanana ndiyo ambayo mashine huifanya vizuri kuliko kifaa kingine chochote nilichowahi kukishika, na Neema, aliye darasa la saba, aliimaliza karibu peke yake akiwa amevaa miwani ya kinga na glavu. Glavu nasisitiza. Ukingo wa marumaru iliyovunjwa ni wembe, na mwanangu alilijua hilo siku alipozivua kwa dakika moja ili ajikune.

Wengi watauliza kwa nini tusitumie grenda, ile mashine ya umeme yenye diski ya kukatia, ambayo fundi yeyote anayo. Grenda ina nguvu na haichagui aina ya marumaru, lakini ndani ya nyumba wanamoishi watu haina adabu: kelele zake huamsha mtaa, na vumbi lake huingia hadi kwenye sukari. Vumbi hilo lina silika, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu, na nisingekubali watoto wafanye kazi karibu nalo. Diski inayozunguka kwa kasi ile pia haimsamehe anayeteleza. Mashine ya mkono haina kelele zaidi ya ule mlio mfupi, haitoi vumbi la kutaja, na umeme ulipokatika kutwa nzima ya Jumamosi sisi tuliendelea kukata kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa familia inayofanya kazi jioni baada ya ofisi na shule, huku bibi amelala chumba cha pili, hilo ni jambo kubwa kuliko kasi.

Hata hivyo haiondoi kabisa haja ya grenda. Haiwezi kukata kona ya ndani, ile ya kuzungushia fremu ya mlango, wala kutoboa tundu la bomba, kwa sababu ufa wake lazima uanzie ukingo mmoja na uishie ukingo mwingine. Vipande vyembamba chini ya sentimita mbili huvunjika ovyo, na marumaru zenye uso wa mikwaruzo hulifanya gurudumu lirukeruke. Tulikodi grenda yenye diski ya almasi kwa siku moja, mume wangu akakatia uani kona zote na tundu la bomba la choo, akiwa amefunga barakoa, na siku hiyo moja ilitosha kwa nyumba nzima.

Upungufu wa mashine yetu ni wa aina mbili, na wa kwanza umeniudhi. Kizuizi cha kipimo, kinachopaswa kubaki mahali pamoja ili vipande vyote vitoke sawa, hubanwa kwa skrubu ya plastiki ambayo hulegea kila baada ya vipande vichache. Tuligundua tulipofika mwisho wa safu na kipande kikakataa kukutana na ukuta kwa milimita tano. Tulipokipima tukaona kizuizi kimejongea. Tuliitupa ile plastiki tukaweka bolti ya chuma na nati yenye masikio, na tatizo likaisha, lakini mtu aliyetoa fedha zake hapaswi kumalizia kazi ya kiwanda. Rula nayo ni karatasi ya kubandika iliyoanza kubanduka tulipoimwagia maji. Tumezoea kuipuuza na kupima kwa futi kamba, jambo ambalo huenda ni afadhali, kwani kuta zetu hazikuwa sambamba na kila kipande cha pembeni kilidai kipimo chake.

Upungufu wa pili ni wa kawaida: gurudumu huchakaa. Letu lilianza kuchoka katikati ya kazi ya jiko, na dalili yake ni kwamba mtu huanza kukandamiza zaidi bila kujitambua, kisha vipande hupinda bila sababu. Maduka ya mtaani hayakuwa na gurudumu la akiba, tukalipata Kariakoo baada ya kuzunguka asubuhi nzima. Anayekwenda kutafuta achukue lile bovu mkononi, kwa sababu yanatofautiana kwa kipenyo na kwa ukubwa wa tundu la katikati. Letu ni la milimita 22 lenye tundu la milimita 6. Reli hazihitaji zaidi ya kufutwa na kutiwa tone la mafuta ya cherehani.

Kuhusu kubandika nitasema machache, kwa kuwa si kazi ya mashine, ila hukumu ya mashine huweza kupotoshwa na kubandika vibaya. Marumaru zetu za sebuleni ni za porselini, ambazo hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, na kwa hiyo uji wa saruji peke yake hauzishiki vyema kama unavyozishika zile za kauri zinazonyonya. Marumaru sita za mwanzo tulizibandika kwa saruji tupu. Kesho yake tulipozigonga kwa sarafu, nne zililia kama mtungi mtupu, tukazing'oa zote sita kabla hazijakaza. Baada ya hapo tulitumia gundi ya unga na mwiko wa meno, na niru tuliiparua kwanza kwa tindo chumba kizima, kazi ya siku mbili iliyotuachia malengelenge na heshima mpya kwa saidia fundi wote. Zile sita zilikwanguliwa, zikaoshwa, zikarudishwa, na mgeni hawezi kuzitambua.

Bafuni mashine ilionyesha mpaka wake mwingine. Sakafu ya bafu hushuka kuelekea tundu la maji, na ili marumaru zifuate mteremko huo, baadhi hukatwa kwa mshazari. Mshazari wa marumaru ya sentimita 60 ni karibu sentimita 85, na mashine yetu huishia 80. Tulitumia marumaru za sentimita 30, ambazo mshazari wake ni sentimita 42 tu, na kwa kweli ndogo hizo zinafaa zaidi bafuni kwa kuwa hufuata mteremko kwa urahisi na huwa na mistari mingi ya grauti, ile saruji ya kujazia kati ya marumaru, ya kuzuia mguu usiteleze. Yule ambaye angetaka kukata marumaru kubwa kwa mshazari atafute mashine ndefu kuliko hii, na yule anayeshawishiwa kununua ya sentimita 60 kwa kuwa ni nafuu ajue kwamba hatabakiwa na nafasi yoyote.

Je, inafaa kununuliwa? Kwa chumba kimoja tu ningesema ikodi, au mwite fundi. Kwa vyumba viwili na kuendelea, kwa familia yenye subira na angalau mtu mmoja anayependa kupima mara mbili, ningeinunua tena bila kusita, maana kwetu ujira tuliotajiwa kwa sebule na jiko ulizidi bei ya mashine, grenda ya kukodi na gurudumu la akiba vikiwekwa pamoja. Dukani usikubali kukabidhiwa ikiwa ndani ya boksi. Itolewe, mpini usukumwe toka mwanzo hadi mwisho, na ukitikisika ubavuni hata kidogo uombe nyingine. Kisha muuzaji akupe kipande cha marumaru ukikate palepale. Aliyetuuzia alikubali bila kinyongo.

Shemeji yangu yule wa ndoo iliyopinduliwa aliichukua wiki mbili zilizopita kwa ajili ya kazi yake ya ghorofani, mahali ambapo mwenye nyumba hataki vumbi, na jana alipiga simu kuomba na lile gurudumu la akiba. Mashine tumemwachia. Gurudumu tumelibakiza, kwa kuwa baraza bado.