Mahakama ya Madai Madogo: hukumu unapata haraka, pesa ni hadithi ingine

Kama kuna mtu amekukalia pesa na haizidi milioni moja, hii rivyu ni yako. Nimeitumia Mahakama ya Madai Madogo hapa Kenya na naona watu bado wanaulizana kama inafanya kazi kweli ama ni ile tu ya kupendezesha sheria, so wacha niseme.

Mi ni fundi wa makabati. Kuna mteja nilimtengenezea kabati za jikoni, akalipa nusu, ile ingine ikawa "wiki ijayo fundi" mpaka akaacha hata kushika simu. Deni kama hilo zamani ungesamehe tu, manake kuenda korti ya kawaida ni wakili, na wakili anataka karibu pesa yote unayodai, halafu kesi inaahirishwa na kuahirishwa hadi kabati zenyewe ziliwe na mchwa.

Sheria ya hii korti ilipitishwa 2016 lakini ikakaa kwa makaratasi mpaka Aprili 2021 ndio ikaanza korti za Milimani, Nairobi, baadaye ikasambaa kaunti zingine. Mwanzo kiwango kilikuwa shilingi 200,000, 2020 wakarekebisha ikawa milioni moja, na kwangu hapo ndio walifanya la maana, juu deni la 200,000 ni la kiosk na sisi tunaofanya kontrakti tungebaki tukiangalia.

Kufungua kesi unafanyia kwa mtandao, mimi nilienda saiba, yaani duka la intaneti, na kijana wa hapo alikuwa anajua fomu kuliko hata karani wa masjala, ambaye kila nikiuliza swali ananiambia nirudi kwa mtandao. Wakili si lazima. Anayesikiza anaitwa mwamuzi, ni wakili mwenye uzoefu wa angalau miaka mitatu, na sheria inamruhusu asibanwe sana na kanuni za ushahidi. Hii sikuielewa mpaka nilipokuwa mbele yake. Mimi sikuwa na kontrakti ya kuandika, nilikuwa na meseji za WhatsApp, meseji za M-Pesa na picha za kabati. Mteja akasema kazi ilikuwa mbovu ndio maana hakumaliza kulipa. Mwamuzi akasoma meseji pole pole, akafika kwa ile yake ya "kazi safi sana fundi, Ijumaa nakutumia", akamuuliza hiyo safi sana ilikuwa ya kabati gani. Jamaa akaangalia chini. Nilitamani kucheka lakini ni korti.

Sheria inasema kesi isikizwe siku baada ya siku na hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu ufungue. Yangu ilitoka ndani ya huo muda, na ukijua korti za nchi hii utaelewa kwa nini naitaja. Ila kuna mtego hapa, majaji wa Mahakama Kuu wenyewe wamekuwa wakipingana kama hukumu iliyochelewa zaidi ya hizo siku ni batili ama inasimama. Yaani korti ichelewe yenyewe halafu mimi niliyeshinda ndio niambiwe hukumu yangu haina maana? Bunge lirekebishe hiyo, ni sentensi moja tu.

Kitu ingine inaniuma, mambo ya ajira hayaruhusiwi. Mashamba na kuharibiana jina pia hapana, hayo naelewa. Lakini mama wa kufua na kulea watoto akinyimwa mshahara wa miezi miwili, deni lake ni dogo kuliko langu na hana nguvu ya kungoja, bado anaambiwa aende kwa afisa wa leba ama korti zinazosikiza kesi za kazi. Katiba kifungu cha 48 kinasema serikali ihakikishe kila mtu anafikia haki, na kama ada inahitajika isiwe ya kumzuia. Sasa huyo mama alisahaulika wapi?

Halafu baada ya hukumu. Hapa naondoa nyota mbili. Karatasi unayo, pesa hauna. Korti haikukusanyii, ni wewe uombe amri ya utekelezaji, utafute dalali wa korti, yule anayekamata mali ya mdaiwa na kuiuza, na gari la mdaiwa unaambiwa ni la shemeji yake. Kumfunga jela ya madeni inawezekana lakini lazima korti iridhike kwamba ana uwezo na anakataa tu, so usiende na hiyo hasira. Kabla ufungue kesi jua anafanya kazi wapi, ana benki gani, gari limeandikishwa kwa jina la nani. Kama hana kitu kabisa, baki na pesa yako ya saiba.

Rufaa aliyeshindwa anaweza kukata Mahakama Kuu lakini ni kwa hoja za sheria tu, hawezi kuanza kubishana upya kuhusu kabati.

Nyota tatu kwa tano. Mteja wangu aliomba kulipa kwa awamu na nikakubali, imebaki kidogo, na akiruka mwezi mmoja namba ya dalali ninayo.