Wiki Sita za QGIS kwa Wataalamu wa Maji: Tathmini ya Mshiriki wa Dar es Salaam

Ofisini kwetu Mwenge tunafanya kazi za ushauri wa visima, mitaro ya maji ya mvua na tathmini za mafuriko. Kwa miaka kadhaa kompyuta yenye leseni ya programu ya kuchora ramani ilikuwa moja tu, na aliyeijua vizuri alikuwa mtu mmoja. Mwenzetu huyo alipohamia mkoani na leseni ikakaribia kwisha muda wake, ilitubidi tuamue kama tulipie tena au tujifunze QGIS, programu huria ambayo mtu yeyote huipakua bila malipo na kuiweka katika kompyuta nyingi kadiri anavyohitaji. Nilichagua njia ya pili, nikajilipia mafunzo ya mtandaoni ya wiki sita yaliyoandaliwa na taasisi moja ya nje ya nchi mahususi kwa wataalamu wa maji. Kwa kuwa wenzangu wa ofisi za mabonde, wa mamlaka za maji na wa kampuni binafsi wamekuwa wakiniuliza kama mafunzo haya yanafaa, nimeona niandike tathmini hii kwa kirefu. Kwa maoni yangu yanafaa sana kwa mtu mwenye kazi halisi mezani, hasa kwa sababu yanamzoeza kuihoji ramani kabla hajaiweka kwenye ripoti.

QGIS yenyewe si ngeni. Ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman huko Alaska, na tangu hapo imekuwa ikiendelezwa na watu wa kujitolea, vyuo na kampuni za nchi nyingi. Mkufunzi alitushauri tangu mwanzo tuweke toleo la muda mrefu, lile ambalo hurekebishwa hitilafu zake bila kubadilishwa sura kila baada ya miezi michache. Ushauri huo ni mzuri, lakini faili la kuisimika katika Windows linazidi gigabaiti 1, na waandaaji walitutumia kiungo siku moja tu kabla ya kuanza. Washiriki wanaotegemea bando la simu walianza kipindi cha kwanza wakiwa bado wanapakua. Anayekusudia kujiunga aipakue wiki nzima mapema.

Wiki mbili za kwanza zilihusu kuingiza data na mifumo ya viwianishi, yaani namba za kuonyesha mahali kitu kilipo duniani. Mtu anaweza kudhani hilo ni somo la kurukwa, nami nilidhani hivyo mpaka tulipopewa zoezi la kuingiza jedwali la visima. Mshiriki mmoja, mhandisi mwenzetu wa hapa jijini, aliweka safu ya latitudo mahali pa longitudo, na visima vyake vya Temeke vikatokea magharibi ya Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Kosa la namna hiyo huonekana mara moja kwa sababu ni kubwa. Kosa dogo ndilo la kuogopwa, na kwetu Tanzania tunalo moja ambalo kila anayetumia ramani za zamani lazima alijue. Karatasi zetu za ramani za topografia za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa viwianishi wa zamani uitwao Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya GPS kwa kawaida hutoa viwianishi vya mfumo mwingine, WGS 84. Ukiichukulia karatasi hiyo kana kwamba iko katika WGS 84, kila kitu kinasogea kiasi cha mita 300. Umbali huo unatosha kukihamisha kisima kutoka ng'ambo moja ya kijito hadi nyingine, na kwenye ramani ya mkoa mzima hakuna atakayeshtuka. Katika QGIS tiba yake ni kuchagua msimbo sahihi wa EPSG, namba inayotambulisha kila mfumo wa viwianishi: EPSG 21037 kwa karatasi za Arc 1960 za kanda yetu ya ramani ya 37 Kusini, na EPSG 32737 kwa data za WGS 84 za kanda hiyo hiyo.

Hapa ndipo nilipoona pengo la kwanza la mafunzo. Data zote za mazoezi zilitoka katika bonde la mto mmoja wa Ulaya, ambako vituo vya kupimia ni vingi na ramani ni safi. Suala la Arc 1960 halikuwamo kabisa katika kitini. Lilizungumzwa kwa sababu sisi wa Afrika Mashariki tuliuliza. Mkufunzi alilipokea swali kwa heshima, akalifanyia kazi usiku ule, na kesho yake akatufafanulia namna programu inavyochagua hesabu ya kubadilisha mfumo mmoja kwenda mwingine. Ninamshukuru kwa hilo, ila mafunzo yanayotangazwa kwa wataalamu wa dunia nzima yangepaswa kuwa na mfano huo ndani yake.

Wiki ya tatu nitaipitia haraka. Tulifunga ramani iliyoskaniwa kwenye viwianishi, tukachora mito na mipaka juu yake, na tukahimizwa kuhifadhi kazi zetu katika faili la aina ya GeoPackage badala ya aina ya zamani ya shapefile. Sababu iliyonigusa ni ya kawaida kabisa: shapefile haikubali jina la safu linalozidi herufi 10, kwa hiyo sisi tunaoandika majina ya Kiswahili tukiwa na safu za «kituo_cha_mvua» na «kituo_cha_mto» zote mbili hukatwa zikabaki «kituo_cha_» na «kituo_ch_1», na baada ya miezi miwili hakuna anayekumbuka ipi ni ipi.

Wiki ya nne ndiyo niliyolipia, hata kama sikuijua wakati ninalipa. Tulifundishwa kuchora mtandao wa mito na mpaka wa kidakio, yaani eneo ambalo maji yake yote hutokea mahali pamoja, kutokana na data za mwinuko za SRTM, ambazo zilikusanywa kwa rada kutoka chombo cha anga katika siku 11 za Februari 2000, na ambazo kwa Afrika zinapatikana bure kwa pikseli (miraba midogo inayounda picha) za mita 30 hivi. Kwanza unajaza vishimo bandia ambavyo vingeyakamata maji njiani, na sisi tulitumia kanuni ya kompyuta inayojulikana kwa majina ya Wang na Liu. Kisha programu inaamua maji ya kila pikseli yanaelekea pikseli ipi ya jirani, inahesabu ni pikseli ngapi zinamwaga maji mahali fulani, na kutokana na hesabu hiyo inachora mikondo na kuipanga kwa daraja za Strahler, ambapo vijito viwili vya daraja la kwanza vikikutana huzaa mkondo wa daraja la pili. Mwishoni unaonyesha nukta ya kutokea maji, na eneo lote la juu yake linatengwa kuwa kidakio.

Mkufunzi alituagiza kila mmoja arudie hatua hizo kwa mto wa kwao. Nilichukua Msimbazi. Kigae kimoja tu cha SRTM, yaani kipande kimoja cha data hizo, chenye jina S07E039, kinaubeba wote, kuanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe mpaka unapoingia baharini karibu na Daraja la Selander. Sehemu ya juu ilitoka vizuri kiasi cha kunifurahisha: mabonde ya Pugu na Kinyerezi yana miteremko ya kutosha, na mistari ilifuata mito kama ninavyoijua. Nilipofika Jangwani mambo yalibadilika. Mistari ilikuwa minyoofu, ikienda sambamba kama matuta ya shamba, na mkondo mkuu ulikuwa umepita mahali ambapo mtu yeyote aliyewahi kuvuka Barabara ya Morogoro wakati wa masika anajua kwamba sipo.

Maelezo aliyotupa mkufunzi yanastahili kurudiwa hapa, kwa sababu tathmini nyingi za mafuriko za mjini husimama juu ya data hizi. SRTM hurekodi mwinuko kwa mita nzima. Katika uwanda ambako ardhi inashuka sentimita chache tu kwa kila mita mia, pikseli nyingi jirani hupata namba ileile, na programu ikikosa mteremko wa kuufuata huutengeneza yenyewe, ndipo inapozaliwa ile mistari minyoofu. Tena rada haikuiona ardhi tupu. Iliona mapaa ya nyumba na vilele vya miti, kwa hiyo mtaa uliobanana huonekana kama kilima kidogo, na tuta la barabara huweza kuonekana kama ukuta wa bwawa hata kama chini yake kuna daraja. Kujaza vishimo kunazidisha tatizo, kwani programu huyapandisha maji nyuma ya ukuta huo mpaka yapate pa kumwagikia.

Dawa tuliyofundishwa ni kuuchimbia mto unaojulikana ndani ya rasta, yaani ile picha ya pikseli za mwinuko: unachukua mstari wa mto uliochorwa na watu, unapunguza mwinuko wa pikseli zake kwa mita kadhaa, halafu unaanza hesabu upya. Hapo Dar es Salaam tuna bahati ambayo miji mingi haina. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa kata kuchora nyumba, njia, mitaro na mito ya jiji katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa lengo la kukabiliana na mafuriko. Kwa programu-jalizi (kiongezeo cha QGIS) ya QuickOSM niliivuta mito hiyo ndani ya QGIS kwa dakika chache, nikaichimbia, na safari hii mkondo ulipita Jangwani kwa namna inayoeleweka. Wenzangu wa kundi walishangaa kuona jiji lenye mitaro iliyochorwa mtaa kwa mtaa, nami nilijisikia fahari kwa niaba ya vijana waliotembea na kuichora.

Zoezi la wiki ya tano lilitaka tuhakiki kazi hiyo uwandani kwa simu, kwa kutumia QField, ambayo huufungua mradi wa QGIS kwenye Android. Jumamosi moja asubuhi nilikwenda Kigogo. Kwenye kioo cha simu nilikuwa nimesimama katikati ya mto. Chini ya miguu yangu palikuwa na matuta ya mchicha, na maji niliyaona makumi ya mita mbele. Nilimwamkia mama aliyekuwa akimwagilia, nikamweleza ninachotafuta. Akanijibu kwa upole: «Mwanangu, mto ulihama. Mvua zile kubwa zilipokuja ulikata huku, na hapa ukatuachia mchanga.» Nilichukua nukta za ukingo wa sasa, nikaandika tarehe katika safu yake. Bila zoezi lile ningeuweka mto wa zamani katika ripoti ya sasa, na mtaro wa mteja wetu ungehesabiwa kwa umbali usio sahihi. Kwa tukio hilo peke yake ninaona ada yangu imerudi.

Yapo ya kulalamikia, na baadhi ni mazito. Video za kitini zilirekodiwa kwa toleo la zamani ambalo zana za SAGA, programu nyingine huria ya kuchambua data za mwinuko, zilikuja pamoja na QGIS. Katika matoleo mapya sharti uongeze programu-jalizi ya kuziita, na hakuna aliyetuambia. Nilipoteza jioni mbili nikitafuta menyu ambayo haipo, na najua washiriki waliokata tamaa hapo hapo. Video nazo ni nzito, hazina toleo la ubora wa chini la kupakuliwa, hivyo za wiki moja zilimaliza bando langu la wiki kabla ya Alhamisi. Vipindi vya moja kwa moja vilianza saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, wakati ambao mwajiriwa wa jijini yuko kwenye foleni ya magari. Nilisikiliza viwili nikiwa ndani ya mwendokasi, na kujifunza ramani kwa masikio hakuwezekani. Umeme ulipokatika nilikosa jaribio moja, ingawa walinifungulia tena baada ya kuomba. Wiki ya sita, iliyohusu urembo wa ramani, ningeifupisha iwe kipindi kimoja ili muda uliobaki uongezwe kwenye uwanda tambarare na mito ya mijini.

Asiyeweza kulipa hana sababu ya kubaki nyuma, kwa kuwa IHE Delft ya Uholanzi imeweka wazi bila malipo masomo ya QGIS kwa kazi za haidrolojia, na mwenye subira atapata humo hatua zote kuu nilizozitaja. Alichonacho mlipaji ni mtu wa kumuuliza pale kazi yake ya nyumbani inapokataa, na mkufunzi wetu alijibu kila swali langu ndani ya siku moja. Kwa mtu anayetaka cheti tu cha kuambatanisha kwenye maombi ya kazi, nisingeshauri. Cheti walichotupa kinasema mshiriki alihudhuria, hakisemi alichoweza kufanya.

Nimewaandikia waandaaji nikiwaomba waongeze zoezi moja la Afrika, na nimeambatanisha karatasi moja ya Arc 1960, kigae cha S07E039 na nukta zangu za Kigogo ili wasihangaike kutafuta data. Wamenijibu kwamba wataziangalia kabla ya kundi lijalo.