Huduma ya Kupanda Rwenzori kwa Msafiri Anayetoka Kigoma

Kampuni ya waongozaji niliyoitumia kupanda Rwenzori, kule Uganda, inastahili sifa kwa jambo moja kubwa, nalo ni ujuzi wa watu wanaotembea nawe mlimani. Tukiwa katika bonde pana lenye kuta za wima, mwongozaji alieleza kwamba lilichongwa na barafu iliyoshuka polepole kwa maelfu ya miaka, na kwamba matuta ya mawe na kokoto tuliyoyapanda kwa taabu ni mabaki iliyoyaacha iliporudi nyuma. Alituonyesha mwamba wenye mikwaruzo iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja. Rwenzori si volkano kama Kilimanjaro; ni mwamba wa kale ulioinuliwa na bonde la ufa lilelile lililolizaa Ziwa Tanganyika, jambo ambalo mtu wa Kigoma hawezi kulipuuza.

Barafu yenyewe imepungua mno tangu mwanamfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipofika kilele cha Margherita, mita 5,109, mwaka 1906. Anayetaka kuiona asiahirishe.

Vifaa ndivyo vilivyoniudhi. Mabuti ya mpira, ambayo ni ya lazima kutokana na matope ya mabondeni, yalivuja, na vyuma vya meno vinavyofungwa viatuni kwa ajili ya kukanyaga barafu vilikuwa na mikanda iliyochakaa. Chakula kilikuwa cha kawaida. Mabuti ni heri kununua yako kabla ya kuondoka Kigoma, na mikanda uikague mwenyewe ukiwa bado chini.